Aliyeumwa Porini Asiulizwe Alifuata Nini

Barua ya wazi kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Kilifi, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na Shirika la Huduma za Misitu, KFS

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa pamoja kwa sababu jambo ninalolileta halina mwenyewe. Idara ya Afya huliona kuwa la msituni, wenye msitu huliona kuwa la hospitali, na katikati hapo watu wanakufa. Wako wakazi wetu wanaoingia porini kutafuta kitoweo, katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika vichaka vya Dakatcha, na katika nyika inayopanda kutoka Sabaki kuelekea Tsavo Mashariki. Huko wanakutana na nyoka, ndovu na nyati katika hali ya hatari kuliko inavyolazimu, na wakishaumia wana sababu ya kuchelewa kutafuta tiba, kwa kuwa swali la kwanza wanalolitarajia ni walikuwa wakifanya nini huko. Ombi langu ni moja. Tangazeni kwa maandishi, kwa sahihi za ofisi zenu zote tatu, kwamba mtu aliyeumizwa na nyoka au mnyama, pamoja na aliyemleta, hatakamatwa wala kushtakiwa kwa kujitokeza kutibiwa.

Niseme mapema nisichoomba, maana najua ombi la namna hii husikika vibaya kwa haraka. Siombi uwindaji ufunguliwe. Serikali ya Kenya iliupiga marufuku mwezi Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ilipotungwa, haikumsaza hata anayewinda kulisha nyumba yake: ilimwekea faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi 6. Marufuku hiyo ina hoja nzito hapa kwetu kuliko mahali pengi. Arabuko-Sokoke ndio msitu mkubwa uliosalia wa aina yake katika pwani yote ya Afrika Mashariki, nao ni kilomita za mraba 420 tu. Ndani yake yumo paa nunga, adimu ulimwenguni, na yumo yule mnyama mdogo wa pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu ambaye ngome yake kuu ni msitu huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu uwindaji wa chakula ndani ya msitu huo ulionyesha kwamba hata mitego ya wanakijiji, isiyo na bunduki wala mfanyabiashara nyuma yake, hupunguza wanyama. Kwa hiyo hoja yangu haianzi kwa kudai sheria imekosea. Inaanzia mahali ambapo sheria imeacha kutazama: ilikataza tendo, tendo likaendelea, na namna linavyoendelea sasa ndiyo inayoua.

Zamani mwindaji wa nyika hii alikuwa na elimu yake. Wawaata, ambao majirani waliwaita Wasanye au Waliangulu, waliwinda ndovu kwa upinde mrefu na mshale uliopakwa sumu ya msunguti, na kazi hiyo haikumvumilia asiyejua. Iliwapasa kumkaribia mnyama hatua chache tu, basi waliujua upepo, walizisoma nyayo, na kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe ili ijulikane nani alilenga. Mambo hayo yaliwezekana kwa sababu uwindaji ulikuwa jambo la wazi, lenye wazee, wanafunzi na mashahidi. Tsavo Mashariki ikatangazwa hifadhi mwaka 1948, operesheni za katikati ya miaka ya 1950 zikawapeleka wengi wao jela, na mpango wa Galana ulioanzishwa mwaka 1960 ili wawinde kwa halali haukudumu. Siwalilii ndovu waliouawa kwa mishale ile kidogo kuliko mnavyowalilia nyinyi. Nasema tu kwamba elimu ile ya usalama ilikuwa imefungamana na uwazi, na uwazi ulipoondoka nayo ikaondoka. Aliyebaki ni kijana mwenye tochi, panga na mbwa wawili, anayetoka baada ya isha bila kumwambia mtu anakokwenda.

Tazameni kila sharti analojiwekea ili asionekane, na mtaona kwamba ndilo linalomweka hatarini. Anakwenda usiku, saa ambazo bafe, yule kifutu mnene wa madoa, ametoka kuwinda naye. Anakwenda peke yake au na mwenzake mmoja, kwa hiyo akianguka hakuna wa kumbeba na mwingine wa kukimbilia msaada. Anaepuka njia zinazopigwa doria na kupita penye kichaka kizito. Anamulika mbele kumtafuta digidigi, ambaye macho yake hung'aa kwenye mwanga na yeye mwenyewe hupumbaa, na wakati wote huo miguu yake, ndani ya ndara za akala, inakanyaga giza. Hapigi kelele, hali kelele ndiyo ingempa ndovu nafasi ya kuondoka. Na simu ameizima.

Wenye kuujua Arabuko-Sokoke wanajua kichaka kizito ni nini. Upande wa mrihi mtu anaona mbali kidogo, lakini ukiingia kwenye udongo mwekundu wa upande wa mfunda, majani na matawi yanafunga kiasi kwamba ndovu mzima anaweza kusimama hatua kumi na mtu asimwone. Ndovu akishtuliwa kwa karibu hana muda wa kuamua kukimbia. Binadamu naye hawezi kumshinda mbio, kwani ndovu hufikia mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa katika hatua za mwanzo, na kichaka kinachomnasa mtu yeye hukipasua tu. Mbwa, ambao mwindaji anawaamini, huongeza balaa: hubweka, humchokoza ndovu au nyati, kisha wakifukuzwa humrudia bwana wao, na mnyama huja nyuma yao moja kwa moja. Kuna pia tanzi za waya. Tanzi iliyotegewa paa haichagui, na ndovu au nyati aliyekatwa mguu na waya huishi na maumivu na hasira kwa miezi. Anayekuja kulipa deni hilo mara nyingi si aliyetega. Anaweza kuwa mama aliyeingia kwa kibali kuokota kuni kavu, au mtoto anayefuata mbuzi Kakuyuni au Dida. Ndiyo maana usalama wa mwindaji hauwezi kutengwa na usalama wa jirani yake asiyewinda kabisa.

Hata hivyo ndovu hutajwa sana kwa sababu huonekana. Mwuaji aliye kimya ni nyoka, na katika hili pwani yetu ina sifa ambayo haikuiomba. Watamu pana shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe, na ni kutoka eneo hilo ambapo mwaka 2007 wanasayansi walimtambulisha rasmi swila mkubwa wa kahawia atemaye mate, wakampa jina la Ashe. Nyoka huyo hufikia urefu wa zaidi ya mita 2 na nusu, na mmoja aliyekamuliwa Watamu mwaka 2004 alitoa zaidi ya gramu 6 za sumu kwa mara moja. Yupo koboko, ambaye sumu yake huzuia misuli ya kupumua na inaweza kumwua mtu kwa saa chache. Yupo nduguye wa kijani anayekaa juu ya miembe na mikorosho. Lakini anayevunja nyumba nyingi ni bafe. Hakimbii akisikia hatua. Hutegemea rangi yake, hulala palepale kando ya njia, na humng'ata anayemkanyaga. Sumu yake huozesha nyama. Mguu huvimba mpaka ngozi ikapasuka, na asiyetibiwa mapema anaweza kuishia kukatwa kiungo. Kijana aliyekuwa akipanda minazi kwa ujira au kuendesha bodaboda, akikatwa mguu, kazi zote mbili zimekwisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na karibu mara tatu ya idadi hiyo hubaki na ulemavu wa kudumu. Mwaka 2017 liliuingiza msiba huu katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa. Hapa Kilifi hatukuhitaji kungoja mpaka mwaka huo. Utafiti uliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Kilifi ya wakati huo, ukachapishwa mwaka 1994, ulikadiria vifo 6.7 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na ukaonyesha kwamba asilimia 68 ya walioumwa walitafuta tiba kwa waganga wa kienyeji. Idadi hizo zina umri wa miaka thelathini na zaidi, lakini zilitoka milangoni mwa watu, hazikutoka kwenye daftari za wodi, na ndiyo thamani yake. Daftari la wodi humhesabu aliyefika. Yule aliyefia chini ya mkoma kati ya Baricho na barabara kuu hajaandikwa popote.

Sisemi kwamba wote wale asilimia 68 walimkwepa askari. Mganga yuko karibu, anajulikana, analipwa kidogo kidogo, na hasemi kwa ukali. Lakini fikirini mtu ambaye ana sababu zote hizo na juu yake ana moja zaidi: mguu wake una alama za meno ya nyoka, shati lake lina damu ya paa, na hospitali iko mjini ambako kuna kituo cha polisi. Huyo atangoja kwanza aone kama uvimbe utashuka. Atafunga kamba, atachanja kwa wembe, ataweka jiwe jeusi ambalo halivuti sumu yoyote. Asubuhi ikifika atabuni hadithi, aseme aliumwa shambani, na daktari atatafuta dalili za kisa ambacho hakikutokea: mahali si pale, na saa si ile. Katika tiba ya nyoka, saa ndiyo habari kuu. Dawa ya kuzuia sumu huishika sumu iliyo bado kwenye damu. Haiwezi kuirudisha nyama iliyokwisha kuoza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa tumemwongezea mfichaji sababu ya kuficha.

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla sijamaliza: tangazo la namna hiyo litawatia moyo majangili. Nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa limesemwa na watu wanaolala msituni kulinda kile ambacho sisi wengine tunakisifia tu. Lakini hebu tupime. Hakuna mtu anayeamua kwenda kutafuta digidigi kwa kuwa ameahidiwa kutibiwa akiumwa. Kama hofu ya koboko haikumzuia, ahadi ya kitanda cha hospitali haiwezi kuwa ndiyo iliyomtuma. Msituni askari atabaki na mamlaka yake yote. Atakamata anayemkuta na tanzi, atafuata nyayo, atachunguza. Ahadi ninayoiomba inasimama mlangoni pa zahanati peke yake, kwa mtu aliyeumia na aliyembeba, na haimfikii mwenye pembe za ndovu, bunduki, au mzigo wa nyama ya kuuza. Wala si jambo la ajabu katika dunia. Jimbo la New Mexico huko Marekani lilitunga mwaka 2007 sheria ya kumkinga na mashtaka ya kupatikana na dawa za kulevya mtu anayeita msaada kwa ajili ya aliyezidiwa na dawa hizo, kwa kuwa walitambua kwamba wenzake walikuwa wakimwacha afe ili wasikamatwe. Majimbo mengi yakafuata. Hawakuhalalisha dawa za kulevya. Walichagua tu maiti wapungue.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya ninachoomba ni sheria tayari. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri za mgonjwa. Anayetakiwa kuambiwa hivyo hajawahi kuisoma Katiba, na hata angeisoma, angeuliza kwa haki kama askari wa wanyamapori naye ameisoma. Ndiyo maana sahihi moja ya Idara ya Afya haitoshi. Neno la daktari kwamba hutakamatwa lina uzito mdogo kwa mtu anayemwogopa asiye daktari. Lazima mwenye pingu aseme kwa kinywa chake.

Pingamizi la pili ni jepesi kusema na gumu kutenda: waache kuwinda, na hatari itakwisha. Ningependa iwe hivyo. Nyinyi wenyewe mnajua mnayoyafanya kwa nia hiyo, na mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza mwaka 1993 kwa kuwafundisha wakazi kufuga vipepeo na kuuza mabundo yao (pupa) nje ya nchi, umeonyesha kwamba msitu unaweza kumlisha mtu bila kuuawa kitu ndani yake. Lakini vipepeo hawawezi kuzifikia nyumba zote za Ganze na Magarini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, mahindi yakakauka yakiwa na urefu wa goti, mifugo ikafa, na wanyama wa Tsavo nao wakasogea karibu na makazi kutafuta maji. Njaa na wanyama vilikuja kijijini msimu mmoja. Kumwambia mtu wakati huo aache kuwinda ni sawa, ila kuacha huko kutachukua miaka, na bafe halali njaa miaka yote hiyo akisubiri mipango yetu ikamilike. Tena wengi wanaoumwa hawakwenda kuwinda kitu. Ni wakata kuni, warina asali, wachoma makaa, wachungaji, watoto waendao haja usiku. Mafunzo yale yale yatawafaa wote, na itakuwa ajabu kumfundisha mrina asali na kumficha mwindaji, ilhali ni ndugu wa nyumba moja na pengine ni mtu yule yule mmoja.

Kisha kuna wale watakaosema, na hili kwa kweli ndilo linalonisumbua zaidi: tukiwaita waje, dawa iko wapi? Afrika nzima iliumia pale kampuni ya Sanofi ilipoacha kutengeneza dawa yake ya kuzuia sumu, Fav-Afrique, mwaka 2014, na chupa za mwisho zikapitwa na muda mwaka 2016. Katika pengo hilo zimeuzwa barani dawa zilizotengenezwa kwa sumu za nyoka wa India, ambazo kwa bafe wetu na koboko wetu hazina kazi ya kutegemewa. Dawa inayofaa ni ghali, chupa moja ni maelfu ya shilingi na mgonjwa mmoja huhitaji chupa kadhaa. Kwa hiyo sitajidai kwamba tangazo peke yake litaponya mtu. Lakini ugumu huu unaunga mkono hoja yangu kuliko unavyoipinga. Idara haiwezi kuagiza kiasi sahihi cha dawa kwa wagonjwa isiowaona. Kadiri walioumwa wanavyojificha, ndivyo daftari linavyoonyesha kwamba hitaji ni dogo, na ndivyo bajeti inavyopungua. Wakianza kuja na kusema ukweli wa mahali na saa, kaunti itajua kama akiba ikae Malindi na Kilifi tu au ipelekwe Marafa na Bamba pia. Na ziko dawa za unga mkavu ambazo hazihitaji jokofu kama zile za maji, zinazoweza kukaa mahali ambapo umeme hukatika. Gharama nayo ipimwe upande wa pili: sheria ile ile ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama aliye katika orodha yake, na milioni 3 kwa anayebaki na ulemavu wa kudumu. Chupa kumi za dawa hazifikii hata pembe ya fedha hizo.

Na si lazima tungoje dawa iwe kila zahanati. Kusini-mashariki mwa Nepal, katika mashamba ya tambarare yaliyo mbali na hospitali, waliwapanga wanakijiji wenye pikipiki wambebe kila aliyeumwa na nyoka, mgonjwa akiwa katikati ya dereva na msaidizi, wakawafundisha pia watu nini wasifanye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo miongoni mwa walioingiwa na sumu vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi asilimia 0.5. Hawakuvumbua dawa mpya, walifupisha njia. Sisi tuna bodaboda kila kona, kutoka Langobaya hadi Adu, na vijana wao wanazijua njia za vichaka kuliko gari lolote la wagonjwa. Kinachokosekana ni orodha ya madereva waliokubali, malipo ya mafuta yanayojulikana yatatoka wapi, na tena ile ahadi: dereva aliyembeba mwindaji saa tisa za usiku asije akawa mshtakiwa wa pili.

Waganga nao wasitukanwe. Ikiwa theluthi mbili ya walioumwa walikwenda kwao, basi wao ndio mlango wa kwanza wa afya kwa msiba huu, mpende msipende. Mganga anayejua kwamba mgonjwa anayeona mbili mbili, kope zikimlegea na mate yakimshinda kumeza, atakufa mikononi mwake kabla ya alfajiri, ana kila sababu ya kumharakisha hospitali, ili mradi hospitali isimfanye adui na askari asimfanye shahidi. Wazee wa kaya wana sauti hapo. Waiteni waganga barazani pamoja na wazee hao na machifu, wala msiwaite ili kuwakemea.

Mafunzo yenyewe ni mafupi. Gambuti badala ya akala, kwa kuwa sehemu kubwa ya majeraha ya bafe huwa chini ya goti. Tochi imulike hatua inayofuata kwanza, mbele baadaye. Usitie mkono kwenye shimo, chini ya gogo wala ndani ya kichuguu. Usiende peke yako, na mwache mtu nyumbani anayejua uko upande gani. Ukiona kinyesi kibichi cha ndovu au tawi jipya lililovunjwa, rudi ulikotoka, ukikaa upande ambao upepo unatoka kwa ndovu kuja kwako, usitoke kwako kwenda kwake. Ukitemewa mate ya swila, osha macho kwa maji mengi mara moja. Ukiumwa, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, usikate, usifyonze, usikaze kamba. Mguu utulizwe kama uliovunjika, mgonjwa alazwe ubavu, abebwe, asitembezwe. Usimfuate nyoka umuue, maana wengi huongeza mtu wa pili kwa njia hiyo.

Askari wa wanyamapori ndio walimu bora wa mambo haya, kwa sababu wanayaishi kila siku. Nao wanaumwa na nyoka wale wale, wanafukuzwa na ndovu wale wale, wakiwa katika doria zile zile za usiku. Kama kuna watu katika kaunti hii wanaojua jinsi dakika zinavyokuwa ndefu kati ya kuumwa na kufika Malindi, ni wao. Ningependa tangazo hili litolewe na mmoja wao, akiwa amevaa sare yake.

Liandikwe kwa Kiswahili, kwa Kigiriama na kwa lugha ya Wawaata, likiwa na maneno machache yasiyo na vifungu vya kisheria, na libandikwe kwenye mlango wa kila zahanati, ofisi ya chifu na kituo cha bodaboda kuanzia Mida hadi Chakama. Lisomwe misikitini na makanisani. Kisha lisomwe tena kabla ya masika, majani yanapoanza kurefuka kando ya njia na bafe kuanza kulala ndani yake.

Wenu katika kuitakia heri kaunti hii,

Mkazi wa Kaunti ya Kilifi